Namba Nisiyoweza Kuibadilisha

Baraka, mtaa wa Mwemezi,
Jumatatu, tarehe 9 Novemba 2009

Mpendwa mpwa wangu Wilfried,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Émilienne. U hali gani wewe, na Yasmina mkeo, na watoto? Nasoro, yule mwenye boti, alituambia kwamba ulipata homa mwezi uliopita ukalala siku nne. Je, umepona kabisa, au ulirudi dukani ukiwa bado dhaifu, kama ilivyo desturi yako? Swali hili Yasmina ndiye anijibu, maana jibu lako silisadiki.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Kutulia ndiko kulikotushinda. Tangu wiki mbili milio ya bunduki inasikika milimani upande wa Fizi, wala hakuna ajuaye kwa hakika nani anampiga nani. Njia ya Uvira imefungwa. Kanisani kwetu familia kumi na mbili zinalala kati ya mabenchi. Mke wangu hufunga mizigo asubuhi, huifungua mchana apate sufuria ya kupikia, kisha huifunga tena. Mimi nimeianza barua hii mara tatu, na kila mara nimeinuka kwenda kuangalia kitu kisichohitaji kuangaliwa.

Nasoro alinikabidhi barua yako juzi Jumamosi, pamoja na kile kikaratasi ulichokunja chenye laini mpya ndani yake. Asante sana. Hesabu zako ni sahihi, nilizikagua. Mtu kama mimi, asiyepiga simu hata mara mbili kwa mwezi, hana sababu ya kubaki na kampuni ambayo dakika zake ni ghali, tena hufuta namba ya mteja asiyeweka uniti kwa siku tisini. Laini uliyoninunulia kwa wafanyabiashara wa Uvira haifutwi kabla ya mwaka, dakika yake ni nusu ya bei, na inakuja na uniti chache za zawadi ndani yake. Yote hayo nimeyaelewa.

Nimeuelewa pia mstari wako wa mwisho: kwamba namba ya zamani imekwisha kufanya kazi yake, niiache ipumzike. Hukulitaja jina la Clarisse. Nakushukuru kwa adabu hiyo, lakini mstari huo ndio ninaoujibu.

Kwanza, usidhani kwamba mjomba wako anatupa fedha. Simu hii uliyoniletea miaka miwili iliyopita ninaiendesha kwa nidhamu kuliko nilivyoendesha shule. Tochi yake nimeikataza. Mchezo wa nyoka nimeukataza. Kwa hiyo betri hukaa siku nne, nami huipeleka kwa Ayubu, mwenye jenereta pale sokoni, mara mbili tu kwa juma, wakati jirani zangu humpelekea zao kila siku. Kadi ya uniti hununua ndogo kuliko zote, moja kila baada ya miezi mitatu. Siinunui ili niongee. Naiweka ili namba isifutwe.

Habari za ukoo tunazipata bila kulipa kitu, kwa bipu. Utaratibu wake niliutunga mimi, nawe unaufuata, ingawa pengine kwa uzembe. Simu ikilia mara moja na kukatwa, ni salama, usipige. Mara mbili, kuna jambo, mwenye uniti apige. Mara tatu, tunakimbia, mtuombee. Mdogo wangu Albert, karani kule Fizi, hubipu kila Jumamosi asubuhi. Adolphine, dada yake Émilienne aliyeko Lusenda, hubipu Jumapili kabla ya ibada. Hakuna anayedaka bipu ya mwenzake, kwa maana ukiipokea kabla haijakatwa unakula uniti zake, na kwetu hilo ni sawa na kutia mkono katika mfuko wa mtu. Wala hakuna anayerudisha simu kwa namba asiyoijua. Kanuni hizi niliziandika kwenye kipande cha katoni kilichotundikwa karibu na mlango. Jirani wanapokiona hunicheka.

“Mwalimu, hii telefone yako iko bubu? Inaliaka tu, haisemaki!”

Nami nilikuwa nikicheka pamoja nao. Uniti zangu ni zangu.

Sasa nikuambie kwa nini sibadilishi. Namba ile, mpwa wangu, haimo katika simu yangu tu. Imo mahali nisipoweza kufika kuifuta. Ilisomwa redioni hapa Baraka siku thelathini mfululizo: kwamba Clarisse, binti ya Mwalimu Néhémie na Émilienne, aliyepotea mwaka wa 1996 akiwa na miaka kumi na mmoja, ajue wazazi wake wamerudi, na namba yao ni hii. Wanawake wa Ubwari waliinakili wakaenda nayo katika makambi ya wavuvi. Wauza ndagala, ambao kwenu ni dagaa, walikwenda nayo Kalemie. Na pale bandarini Kigoma, katika ukuta wa banda wanamosubiri wakimbizi wanaorudishwa, uliiandika wewe mwenyewe kwa mkono wako, kwa rangi ya bluu. Nikibadilisha laini leo, nani atalizunguka ziwa zima kuwaambia watu kwamba Néhémie amepata bei nafuu?

Kuna jambo lingine ambalo sijapata kukuambia, wala sikumwambia mama yako Suzanne, dada yangu, mpaka akafariki. Nyote mnajua kwamba upepo ndio uliotutenganisha na Clarisse. Upepo ulikuja baadaye. Siku ile ya kukimbia vita, tulipofika ufukweni, watu walikuwa wengi na milio ilikuwa ikikaribia. Mwenye boti wa siku ile, si Nasoro, alitaja bei ya kila kichwa. Clarisse alikuwa nami mbele, nikamkalisha botini kati ya mizigo. Mama yake alikuwa nyuma, hajafika ufukweni. Mimi nikasimama majini, maji yakinifika magotini, nikipatana bei.

Fedha nilikuwa nazo, Wilfried. Nilikuwa nazo zote zilizotakiwa, zimeshonewa katika mkanda wa suruali. Lakini bei ile ilikuwa mara tatu ya bei ya siku zote, nami niliona si haki. Nilikuwa bado nasema wakati risasi zilipopita juu yetu na boti ikang'oka. Clarisse alikuwa ananitazama. Tuliambiwa baadaye kwamba boti ile ilisukumwa kusini na haikufika Kigoma. Maneno yale ya bei hakuyasikia mtu mwingine, ila mimi, mwenye boti, na mtoto. Mpaka leo watu wa hapa wananiita Baba Clarisse, na kila waniitapo nasimama tena katika maji yale.

Nimefika sasa kwenye kosa langu la mwezi huu, ambalo ndilo linaloninyima utulivu kuliko bunduki.

Jumapili tarehe 25 Oktoba, saa nne asubuhi, tulipokuwa tumetoka ibadani, simu ililia mara moja ikakatwa. Nikatazama. Ilikuwa namba ya Tanzania, si yako wala ya mtu tunayemjua. Émilienne akauliza ni nani. Nikamjibu kwamba ni mtu aliyekosea. Jumapili iliyofuata, saa ile ile, namba ile ile, mara moja tu.

“Baba Clarisse, rudisha ile namba,” mke wangu akasema.

Nikamwonyesha katoni. Nikamwambia kwamba kanuni haina Jumapili, na kwamba mwenye haja ya kweli atapiga.

“We iko muntu wa namna gani?” akasema. “Muntu anakubipia mara mbili, we unaangalia tu saa yako?”

Sikurudisha. Jana ililia mara tatu. Kwetu mara tatu ni kukimbia, kwa hiyo niliishika kwa hofu nikidhani ni Albert. Haikuwa Albert. Ilikuwa namba ile. Mimi niliyeufundisha ukoo mzima kwamba asiye na fedha habipu bila sababu, sikufikiri hata mara moja kwamba nje ya ukoo wangu pia wako watu wasio na fedha. Na mtu aliyetoka nyumbani kwangu mwaka wa 1996 atazijuaje kanuni zilizoandikwa kwenye katoni mwaka wa 2007?

Nikabonyeza nirudishe. Simu ikanijibu kwamba sina uniti za kutosha. Zile za kadi ya Agosti zilikuwa zimekwisha muda wake bila kutumika, kama zinavyokwisha siku zote, nami siku zote nilikuwa nikiliona hilo kuwa ni ushindi.

Leo asubuhi nilikwenda sokoni kununua kadi. Wale wanaouza chini ya miavuli walinitazama kama mtu aliyepotea njia.

“Leo Mwalimu anatafuta maunité!” mmoja akapaza sauti. “Mufunge madirisha, mvua inakuja!”

Wakacheka wote, kisha Ayubu akanionea huruma. “Mwalimu, maunité iliisha tangu juzi. Hata ile ndogo hakuna. Kamio iko imekwama ku njia ya Mboko, na bale basoda habaachi muntu apite.”

Kamio, yaani lori la kadi, limezuiwa na askari, lakini niliuliza kila meza. Hakuna. Na sasa sikia jambo lenyewe. Niliweka uniti mara ya mwisho tarehe 16 Agosti. Siku ya tisini ni Jumamosi hii, tarehe 14. Nisipopata kadi kabla ya Jumamosi kuisha, namba itafutwa, na Jumapili saa nne mtu huyo, awe nani, atabipu namba isiyokuwako.

Nasoro alikuwa aondoke kesho na barua hii, lakini askari wamezuia boti zote. Naiacha wazi.

Jumatano, tarehe 11

Nimeitumia laini yako mpya. Usicheke.

Nilikaa nayo mkononi siku nzima ya jana. Zile uniti chache za zawadi ndizo pekee zilizokuwa zimebaki katika nyumba hii. Lakini simu ina nafasi ya laini moja tu. Kuiingiza mpya ni kuitoa ya zamani, na hata dakika ishirini zilinitisha. Leo Émilienne aliamua badala yangu. Aliifungua simu kwa ukucha, akaitoa laini ya zamani, akaifunga katika pindo la kikwembe chake, kile kitenge alichojifunga kiunoni, akanisukuma mlangoni. Mtandao wa kampuni yako hapa kwetu haushiki mpaka upande kile kilima kilicho nyuma ya kanisa. Nikapanda. Kwa umri wangu nilipumzika mara mbili.

Mwanamume alipokea upesi. “Haloo! Dukani hapa, Kirando.”

Nilimuuliza ni nani aliyebipu Kongo siku ya Jumapili.

“Shikamoo, mzee. Hii ni simu ya duka, wanaitumia wengi. Ila wa Kongo ni mama mmoja muuza dagaa. Kupiga hana hela, namruhusu abipu tu. Hiyo namba kaiandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mwanawe. Mi nikamwambia, mama, achana nao, hawa watu hawapigi. Akaniambia—”

Uniti zikaisha. Nilisimama pale kilimani na simu sikioni muda mrefu. Sikuuliza jina. Mwalimu wa miaka thelathini na minne, na sikuanza kwa kuuliza jina.

Niliposhuka nilimweleza Émilienne neno kwa neno. Alishika jambo moja tu: kadi ya kliniki. “Iko na mutoto,” akasema. “Baba Clarisse, iko na mutoto.” Nilimkumbusha kwamba wanawake wanaouza dagaa katika ziwa hili ni maelfu, na kwamba tangu vita tumekwisha kuitwa baba na mama na wasichana wawili ambao hawakuwa wetu, kila mmoja akitafuta wazazi wake kwa haki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akairudisha laini ya zamani katika simu, akaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Jioni hii Albert amebipu mara tatu. Usiku huu hatufungi mlango.

Jumamosi, tarehe 14

Albert na watu wake watano waliingia juzi kwa miguu, wamechoka, hakuna aliyejeruhiwa. Bwana asifiwe. Wanalala sebuleni. Nyumba yao ya Fizi waliiacha na sufuria ikiwa motoni.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa jana. Nilimkuta Albert, mtu mzima, karani wa serikali, amejikunyata pembeni anacheza mchezo wa nyoka katika simu yangu, betri imebaki mstari mmoja. Nilipaza sauti kuliko ilivyostahili. Akanitazama, akaniita kama huku tunavyomwita kaka mkubwa: “Yaya, ni mikono tu inatafuta kazi.” Nikaona aibu. Hata mimi mikono yangu inatafuta kazi. Leo nimeinoa panga mara mbili na sina shamba la kulima.

Kuhusu kadi. Alhamisi nilikwenda tena sokoni, na jana, na leo alfajiri. Kamio haijafika. Leo saa tano Émilienne alitoka bila kuniambia aendako. Alirudi saa saba. Alikuwa amejifunga kile kikwembe chake cha kazi, na kadi moja ndogo ilikuwa mkononi. Mke wa askari mmoja alikuwa nayo. Alikataa fedha, alitaka kikwembe cha maua mekundu, kile ambacho wewe na Yasmina mlimtumia siku ya Pasaka, na ambacho Émilienne alikuwa akikitunza kwa siku ambayo hakuitaja lakini sote tuliijua. Amekitoa.

Wakati mwingine wowote ningesema kwamba kikwembe kile kingenunua kadi ishirini. Leo tulikwangua kadi pamoja kwa ukucha wake, nikaingiza tarakimu nikizisoma kwa sauti, naye akizirudia. Namba ni hai hadi mwezi wa Februari.

Jumapili, tarehe 15

Mpwa wangu, soma sehemu hii ukiwa umeketi.

Hatukwenda ibadani leo, jambo ambalo halijapata kutokea nikiwa mzima. Tangu saa mbili simu ilikuwa juu ya meza, juu ya Biblia, na sisi wote nane tumeizunguka kama watu wanaosubiri maji yachemke. Adolphine wa Lusenda alibipu saa tatu, mara moja. Tukaruka wote. Émilienne akamwambia dada yake, ingawa hakuweza kumsikia, aondoke njiani.

Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi maswali sita ya kumuuliza yule mama wa Kirando. Jina la bibi yako mzaa mama. Kovu lako liko wapi. Shule yako ilikuwa na madarasa mangapi. Nilitaka kuwa na hakika, kwa sababu mara mbili nimemwona mke wangu akiomboleza mtoto yule yule upya. Nilikuwa pia nimekata shauri kwamba sitaidaka bipu, maana mwenye duka angemdai yule mama. Ningeiacha ikatike, kisha nirudishe kwa uniti zangu. Kadi ndogo, kwenda nchi nyingine, ni nusu dakika au pungufu. Maswali sita yangetosha kama angejibu kwa ufupi.

Saa nne na dakika kumi ikalia. Mara moja. Ikakatika.

“Rudisha,” Émilienne akasema.

Nikarudisha. Ikapokelewa mara moja, kama kwamba kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nikasikia kuku, nikasikia upepo, nikasikia mtu anavuta pumzi. Kisha sauti ya mwanamke mzima nisiyemjua ikasema, “Haloo?”

Karatasi ya maswali ilikuwa mkononi mwangu, na sikuona hata herufi moja. Unajua neno la kwanza nililomwambia? Nitakuandikia, kwa sababu Albert atakusimulia hata nikikataa. Nilisema, “Sema upesi, uniti zinaisha.”

Yule mwanamke akacheka, akicheka na kulia pamoja, akasema kwa Kiswahili cha ng'ambo:

“Baba. Hata leo unapatana bei?”

Sikumuuliza jina la bibi yake. Sikumuuliza kovu. Simu ilichukuliwa mkononi mwangu. Émilienne aliita lile jina la utotoni ambalo hatukulitangaza redioni, akaliita tena, akajibiwa, nikaiona sura yake alipojibiwa. Ndipo ikakatika. Albert anasema zilikuwa sekunde ishirini na nane. Mimi siwezi kuthibitisha.

Hatujatulia hata sasa. Nilidhani siku hiyo ikifika nitaketi. Natembea kutoka mlangoni hadi dirishani, na mke wangu anafua tena. Hatujui anaishi na nani huko Kirando, wala mtoto ni mvulana au msichana, wala alimwambia nini mwenye duka pale uniti ziliponikatia. Hatujui kama mwenye duka atamruhusu kubipu Jumapili ijayo.

Kwa hiyo nakuomba mambo machache, nawe uyafanye. Meli ikishuka kusini, panda uende Kirando, uulize duka lenye simu na muuza dagaa mwenye kadi ya kliniki. Mtazame kwa macho yako. Mwambie mama yake yu hai. Mwambie asije sasa, hata akitamani namna gani, maana njia na milima hii si ya kuletea mtoto. Akae nawe na Yasmina Kigoma, kama mtamkubali, mpaka bunduki zitulie. Na umfundishe bipu zetu, ili siku akibipu mara tatu tusikose usingizi bure.

Laini yako mpya nimeipokea kwa moyo wote. Nitaipandisha kilimani kila nitakapotaka kuongea naye, kwa nusu ya bei, kama ulivyoshauri. Ya zamani itabaki katika simu na itaendelea kulishwa kadi yake ndogo, kwa maana ndani ya boti ile walikuwamo watoto wa watu wengine wa Mwemezi, nao wazazi wao hawana simu. Kanuni ya mwisho ya katoni nimeifuta leo. Nimeandika kwamba namba isiyojulikana irudishwe siku ile ile.

Nisalimie Yasmina na watoto wote, mmoja mmoja kwa jina lake. Msalimie mama mkwe wako Kulthumu, umwambie dawa yake ya kifua ilinisaidia. Albert, Adolphine na Émilienne wanakusalimu. Émilienne anasema zaidi ya hayo, lakini karatasi haitoshi. Mungu aliyemhifadhi mtoto kwa miaka kumi na mitatu bila msaada wangu akuhifadhi wewe ukiwa safarini.

Askari wameruhusu boti, na Nasoro anaondoka kesho alfajiri. Pamoja na barua hii anakuletea baiskeli yangu. Iuze, upate nauli yako ya kwenda na yao ya kurudi. Ni nzima, ila breki ya nyuma imelegea kidogo. Mtu wa kwanza atakayetaja bei, mpe. Usipatane.

Mjomba wako akupendaye leo kuliko jana,
Néhémie